Kampeni kwa Daftari la Vipimo

Jumatatu, 4 Mei
Nimechukua fomu ya udiwani. Mpinzani wangu ni mwenye mashine ya kusaga, naye ameshaanza kugawa noti. Nami nitagawa, ila kwa utaratibu. Fundi cherehani hakati kitambaa bila kipimo. Orodha ninayo tayari! Daftari la wateja: majina, mabega, viuno. Nani anawajua wananchi hivi?

Jumanne, 5 Mei
Nimeuza cherehani. Mama watoto akauliza tutakula nini. Nikamwambia diwani hashoni. Akaanza kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Alhamisi, 7 Mei
Nyumba sitini, pande zote mbili za barabara. Hakuna aliyekataa! Bibi mmoja alifunga noti kwenye pindo la kanga. Nikamuuliza kwa nini amepokea, na juzi kapokea kwa yule wa mashine. Akasema, mwanangu, kisima tumeahidiwa na madiwani wanne, maji yake nani kayanywa? Noti naishika. Na mlango huu mnaujua mwaka wa kura tu. Nikikurudisha nayo, utakuja lini tena? Kisha akaniombea dua.
Maneno hayo yalinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nikamwongezea noti ya pili. Yakashuka.

Jumapili, 10 Mei
Siku ya kura. Foleni ndefu, ila wateja wangu siwaoni. Labda wanapika kwanza.

Jumatatu, 11 Mei
Kura kumi na tisa! Nimepitia daftari mstari kwa mstari. Wateja wengi ni wa ng'ambo ya barabara. Kata yetu inaishia barabarani! Nimevuka hadi kwa kinyozi, naye yumo daftarini, nikamuuliza kwa ukali mbona hakusema. Akasema, fundi, kwani uliuliza? Huku hakuna mgombea aliyekanyaga. Ulipofika wewe tulisema, hatimaye kuna mtu katukumbuka. Akanikata nywele bure. Nilitaka kukasirika, nikashindwa.

Jumanne, 12 Mei
Mama watoto anashona vifungo kwa mkono, vidole vimejaa matundu ya sindano. Ameniomba tutafute cherehani, hata kuukuu, kabla wateja hawajahamia kwingine. Nimemsihi avute subira. Kosa langu nimeliona: niligombea upande usio wangu. Uchaguzi ujao nasimama ng'ambo ya barabara, kule nimeshatangulia kulipa! Pesa ya fomu si tatizo. Pasi ya mkaa imepata mnunuzi.