Blanketi, Meza, Chumba

Jumatatu, 3 Juni
Miaka sita nakaa kwenye korido, mlango wa choo mgongoni. Chumba chenye dirisha ni kitupu tangu mkaguzi astaafu. Na Ijumaa mama mkwe anakuja kuona ofisi yangu. Ndiyo, nilimwambia ninayo.

Nimeazima kamusi kubwa ya mkuu wetu. Neno “bureau”, yaani ofisi, ambalo Waingereza walilichukua kwa Wafaransa, kumbe lilianza kama kitambaa kizito cha sufu. Kikatandikwa mezani, meza ikarithi jina. Kisha chumba chenye meza nacho kikaitwa hivyo. Kitambaa, meza, chumba! Haraka haraka haina baraka. Nitafuata mpangilio huohuo.

Jumanne, 4 Juni
Nimekata lile blanketi la kahawia ambalo mke wangu hulificha kabatini, eti la wageni. Limeikaa meza vizuri mno. Mpiga chapa, jirani yangu wa korido, ameuliza kama nina homa. Asiyejua maana haambiwi maana.

Jumatano, 5 Juni
Hatua ya pili. Kila watu wakienda chai, nasukuma meza kidogo. Saa tisa imevuka kizingiti cha chumba chenye dirisha. Mpiga chapa amenishikia mlango! Nimemwonea huruma, hajui anachopoteza.

Alhamisi, 6 Juni
Mkuu amechungulia. Nimemweleza historia yote ya neno, tangu sufu. Akasema ameelewa. Nimempigia simu mama mkwe kumwambia asikose.

Ijumaa, 7 Juni
Mama mkwe amefika saa nne. Amesifu dirisha. Kisha akapapasa meza. Akasema blanketi hilo alilifuma kwa mikono yake, miezi mitano, kwa harusi ya binti yake. Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikaanza kumweleza habari za Wafaransa.

Hapo mkuu akaingia, akamkabidhi mpiga chapa funguo. Chumba alipewa tangu wiki iliyopita. Wote wawili wamenishukuru kwa kumhamishia meza.

Mama mkwe ameondoka na blanketi lake. Mpiga chapa ana chumba na meza. Mimi nina kiti.

Jumamosi, 8 Juni
Mke wangu hasemi nami. Nimerudi kwenye kamusi. Neno “chauffeur”: kabla ya kuwa dereva, alikuwa mchochea moto. Na mkuu anatafuta dereva! Kuendesha gari sijui, lakini hiyo ni hatua ya mwisho. Jumatatu naanza kuchochea moto wa birika la chai.