Mke Aliyenikimbia Kwenye Wimbo

Leo nimeumbuka, tena nikiwa nimevaa kofia yangu mpya.

Wanaonijua wanajua. Mchana napakia maboksi ghalani hapa Louisville, Marekani, jioni natunga nyimbo za kantri, ule muziki wa wachunga ng'ombe wa huku, kwa Kiswahili. Nina gitaa, buti na kofia pana (mke wangu Furaha anaiita sufuria). Alhamisi nilirusha wimbo mpya mtandaoni. Unasema mke amenikimbia alfajiri, akachukua mbwa, akaniachia gari bovu. Ndiyo kantri, bila kuachwa hakuna wimbo. Mbwa mwenyewe hatuna.

Leo saa nane na nusu mchana nilikuwa niimbe jukwaani kwa mara ya kwanza, kwenye bustani ya mtaani kwetu. Saa nne asubuhi mlango ukagongwa. Nafungua, namkuta shangazi yake Furaha kutoka Columbus, na wazee wawili wa kanisa lake wamevaa suti. Waliondoka kwao alfajiri. (Sisi ni Wakongo, Kiswahili chetu cha nyumbani kina Kifaransa ndani.)

"Mukwe, bibi yako iko wapi?"

"Iko ku kazi, Shangazi."

Shangazi akawatazama wazee. Wazee wakatazama vyombo vichafu kwenye sinki. (Ilikuwa zamu yangu.)

"Bon. Kwangu hajafika. Buffalo kwa baba yake hajafika. Donc alikimbilia wapi?"

"Hakukimbia. Ile ni wimbo tu."

"Wimbo tu? Na machozi yote ile?"

Nikampigia Furaha. Hapokei. Anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, na simu hukaa kabatini hadi zamu iishe. Kila nilipopiga nilizidi kuonekana mwongo. Mara baba mkwe akapiga kwa video kutoka Buffalo.

"Ile mbwa mulinunua lini?"

"Hatuna mbwa, Baba."

Akamgeukia mama mkwe. "Anaficha mpaka mbwa."

Nikaapa kwamba Furaha akitoka kazini atakuja bustanini kunisikiliza. "Sawa, tutaenda wote," akasema Shangazi. "Asipokuja, utatuambia mutoto wetu ulimuweka wapi."

Basi tukaenda, mimi katikati kama mtuhumiwa. Wazungu kama arobaini walikuwa wamekaa kwenye viti vya kukunja. Ubeti wa kwanza ukaenda vizuri ajabu, maana kwa ule woga sauti ilitetemeka yenyewe. Nikafika kwenye kiitikio, "Ameenda, harudi tena." Hapo hapo Furaha akaingia getini na nguo zake za kazi, anatabasamu, mkononi ana chupa yangu ya maji.

Shangazi akasimama. "Bwana asifiwe, amerudi!"

Akamshika mkono, akampandisha jukwaani, akaninyang'anya maiki, akatupigisha magoti wote wawili. Akaomba dakika kumi na mbili. Kofia ilianguka, mzee mmoja akaiokota na kuikumbatia kifuani. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Furaha, ambaye hakujua lolote, akaninong'oneza, "Ulifanya nini?"

"Nilitunga wimbo."

Tuliposema amina, wazungu wakasimama wakapiga makofi. Hawakuelewa neno hata moja, wakadhani ni sehemu ya onyesho. Mwenye jukwaa amenialika tena Jumamosi ijayo, kwa sharti moja: nije na Shangazi.

Sasa msinicheke. Nilikuwa na wimbo wa pili tayari, unahusu mazishi ya mama mkwe. Nimeufuta.