Mtu Mmoja Atakayetajwa Baadaye

Ifahamike kwa wote, wa Point, wa Berea na wa Marekani, kwamba Kamati Kuu ya Usajili ya timu ya besiboli ya Herons, Tawi la Durban, imeamua kwa kauli moja kumwachisha kazi mlinzi wa kituo cha kwanza. Uamuzi ulipitishwa Jumamosi saa nne na nusu asubuhi ndani ya saluni ya Laurette, mtaa wa Point, ukapigwa muhuri. Mchezaji mwenyewe, ambaye saa hiyo alikuwa usingizini ng'ambo ya bahari, ataarifiwa kwa barua.

Rais wa Kamati, Honoré, alizisoma sababu akiwa ameketi, miguu juu ya kibao cha kuwekea miguu.

"Ya kwanza, jina kubwa, kazi kidogo. Ya pili, hakimbii tena, anangojea wengine wakimbie. Ya tatu, anakalia place yenye mtu mwingine angeitumia muzuri. Kuko swali?"

Swali halikuwepo. Hardy, fundi wa simu aliyezoea kuuliza uchaguzi utafanyika lini, alinyoosha mkono, lakini alikuwa amesimama nyuma kabisa, na Rais haoni mbali.

Msomaji asidhani Kamati hii ilizuka tu. Bertrand, shemeji yake Honoré, alipelekwa na wakubwa wa shirika la wakimbizi kwenda kuishi Marekani, katika mji wa Herons, na akiwa huko akamtumia kofia ya timu. Honoré, muuza makava ya simu, akaivaa. Watu wakaanza kumuuliza habari za besiboli, naye si mtu wa kusema sijui. Akaiandikia timu ushauri wa kurasa tatu kuhusu usajili wa miezi ya mapumziko. Jibu lilirudi ndani ya dakika moja: asante kwa kutuandikia, maoni yako ni muhimu sana kwetu, tafadhali usijibu ujumbe huu.

Honoré alilia kidogo. Kwa miaka kumi na moja alikuwa amezunguka na karatasi zake za ukimbizi kutoka dirisha hadi dirisha, njoo Jumanne, rudi mwezi ujao, simama pale. Hakuna ofisi iliyowahi kumjibu siku hiyo hiyo, seuze dakika hiyo hiyo. Akaliprinti lile jibu, akalitia fremu, akachongesha muhuri. Na kwa kuwa uongozi alikuwa amejifunzia madirishani, alijua vizuri jinsi ofisi inavyotakiwa kuendeshwa.

Hapo ndipo ilipozaliwa Ibara ya Nne, au Article quatre kwa Kifaransa cha Rais. Saluni ilikuwa na viti vinne, vitatu vya plastiki na kimoja cha kuzunguka, kile anachokalia mteja mbele ya kioo. Wanakamati walikuwa kumi na wawili. Ibara ikasema hivi: viti vitakaliwa kwa kufuata vyeo, asiye na cheo atasimama, hata kama kiti kiko wazi, kwa sababu kiti kilicho wazi kinamngoja mwenye cheo. Kile cha kuzunguka akapewa Rais, kwani maamuzi mazito yanahitaji kutazama pande zote.

Laurette aliteuliwa Katibu Mkuu kwa kuwa nyumba ni yake. Lakini ilikuwa Desemba, mwezi wa harusi, mwezi unaoilisha saluni mpaka Machi.

"Président," alisema Jumamosi hiyo, kitana mkononi, "mama huyu anasuka rasta za kufika kiunoni. Saa ine nzima. Naomba unirudishie kiti yangu."

"Kiti iko en mission, iko kazini, Mama Laurette. Tuko ndani ya période ya transferts, ya usajili."

"Donc mteja asimame saa ine?"

"Article quatre iko wazi."

Mteja alikitazama kiti, akamtazama Rais, akachukua mkoba wake akapanda zake Berea, kwenye saluni nyingine. Huyo alikuwa wa tatu wiki hiyo. Laurette aliuma meno. Ilimuuma kweli, maana kiti kile alikinunua kabla hata hajanunua kitanda.

Ndipo akatoa pendekezo. Tawi jirani la Sydenham, la mashabiki Warundi, liliongozwa na Joséphine, mkodishaji wa mahema na viti vya sherehe. Viti alikuwa navyo mia mbili, ila wabebaji walikuwa wamemkimbia. Kwa nini matawi yasibadilishane? Laurette hata alijua maneno ya kuandika. Msimu mzima, kila asubuhi akifagia, alikuwa akitazama mechi za Herons kwenye simu, mwanzo hadi mwisho. Rais hakuwahi kutazama hata moja ikaisha, maana kiongozi haingii kwenye mambo madogo madogo.

"Kule wanaandika hivi," akasema. "Timu moja inatoa mchezaji leo. Ingine italipa na mtu mmoja atakayetajwa baadaye."

Honoré akaonja maneno hayo ulimini, akayapenda mno. Mtu mmoja atakayetajwa baadaye! Alikwisha kumjua: Hardy na uchaguzi wake. Mkataba ukaandikwa, viti kumi na viwili kwa mtu mmoja. Ili wabaya wasiseme ni chuki, Rais akaongeza kwa mkono wake kwamba mtu huyo atachaguliwa kwa sababu zile zile tatu zilizokwisha kutangazwa na Kamati. Na ili Hardy asirudi, akaongeza: hatarudishwa. Akapiga muhuri mara mbili.

Viti vilifika Alhamisi, vyeupe, vimeoshwa. Laurette akaelekeza kidole kwenye kiti chake.

"Sasa kila mtu iko na kiti, Président. Hicho nirudishie."

"Plastiki haizunguki, mama," alisema Honoré kwa upole wa kiofisi. "Rudi Jumanne."

Laurette alipangusa kioo, taratibu, akakimaliza chote.

Jumamosi iliyofuata Joséphine alikuja na bakkie, pikapu yake ya kubebea viti, kumchukua mtu wake. Kikao kikafunguliwa. Taarifa ya kwanza ilikuwa kwamba Herons wamemwongezea mlinzi wa kituo cha kwanza mkataba wa miaka miwili.

"Barua yetu haijafika," alieleza Rais. "Katibu, soma zile sababu." Akamtazama Hardy kwa huruma.

"Ya kwanza," akasoma Laurette, "jina kubwa, kazi kidogo."

"Mi sina hata jina," alisema Hardy. "Na juzi nimetengeneza mashine ya kukausha nywele."

"Ya pili, hakimbii tena, anangojea wengine wakimbie. Ya tatu, anakalia place yenye mtu mwingine angeitumia muzuri."

"Mi nasimama tangu mwezi wa sita."

Watu wote walikuwa wakitazama upande mmoja. Honoré akakizungusha kiti aone wanamtazama nani nyuma yake, akakutana na kioo, safi kabisa, na ndani yake mtu mwenye kofia ya Herons.

"Eish," alisema. "Mais mi ni Président. Si mchezaji."

"Ni wewe njo uliandika mtu mmoja," alisema Laurette. "Haukuandika mchezaji."

Mikono kumi na mmoja ilipanda. Honoré aliomba kuuona mkataba. Aliukagua muhuri kwa makini, mbele na nyuma, na ulikuwa wake.

Jioni ya siku hiyo, katika ukumbi mmoja wa Sydenham, Honoré alikuwa ameshusha viti mia moja themanini na vinane na kuvipanga mistari. Shati limemganda mgongoni. Akavuta kimoja akae.

"Papa Honoré," Joséphine alimwita, "hapa una cheo gani?"

"Mi nimefika leo tu, mama."

"Basi subiri kidogo. Ile Article quatre yenu tuliisoma, tukaipenda sana. Na sisi tumeipitisha."

Maharusi walikuwa bado hawajafika, ukumbi mtupu. Honoré akasimama katikati ya viti vyote hivyo, akatoa simu, akaiandikia Kamati Kuu, Tawi la Durban, rufaa ndefu yenye vifungu saba. Huko Point, Laurette alikuwa na mteja kwenye kiti cha kuzunguka. Alifuta mikono, akasoma mstari wa kwanza, akajibu.

Asante kwa kutuandikia. Maoni yako ni muhimu sana kwetu. Tafadhali usijibu ujumbe huu.

Honoré aliangalia saa. Ilikuwa mara ya pili maishani mwake ofisi kumjibu ndani ya dakika moja.