Chumba Kimoja Kikavu

Jumamosi, 12 Aprili

Alhamdulillahi, tu hai. Kimbunga kilichotukuta siku ya pili ya mapumziko yetu kimekwenda kilikokwenda, na leo nimefungua dirisha bila kupigwa nalo. Safu ya vyumba inayoitazama bahari haina paa. Bwawa la kuogelea limejaa viti. Banda la sala limebaki nguzo tatu, kila moja imelala upande wake kama wanafunzi wangu wa alasiri. Jua halijaonekana tangu Alhamisi.

Wageni waliobaki hotelini ni wanne. Mimi na mke wangu, na katika chumba cha pili mzee mmoja, mpima ardhi mstaafu, na mkewe. Mtu mpole. Ana tabia ya kukitazama kitu chochote, hata sahani, kana kwamba hakikuwekwa mahali pake.

Baada ya chai Meneja alituita. Ni mwanamke wa sauti ndogo na funguo nyingi. Akatueleza kuwa Jumanne boti italeta mafundi wa paa ishirini, nao hawana budi kulala mahali. Vyumba vyote vya safu yetu, ile ya bustani, watapewa wao, isipokuwa kimoja. Kwa hiyo wageni wa chumba kimoja watabaki mpaka siku zao ziishe, na wa chumba kingine wataondoka na boti hiyo hiyo. Nani abaki, ataamua Jumanne asubuhi. "Wazee wangu, mnisamehe," akasema. "Chumba si mchuzi, niongeze maji."

Naliandika jambo hili ili nafsi yangu isije ikajifanya haikulijua. Siku hizi kumi ni zawadi ya watoto wetu, kwa kutimiza miaka arobaini ya ndoa. Ahadi, lakini, ilikuwa yangu. Nilimwahidi mke wangu mapumziko tangu wiki ya harusi. Akaja mtoto wa kwanza, kisha wa sita. Kisha marehemu mama yangu akalala kitandani miaka tisa, na aliyekuwa akimgeuza ubavu asubuhi na jioni hakuwa mimi. Katika zawadi hii amepata siku moja ya kukaa kitako akitazama maji. Ya pili aliipitisha chini ya kitanda.

Hatuondoki Jumanne. Nimekusudia.

Jumapili, 13 Aprili

Anayehitajika hapandishwi boti. Huo ndio msingi. Nikajiuliza hoteli hii imepungukiwa na nini. Mabati, naam, lakini sina. Imamu hawana. Huyo ni mimi.

Meneja alikubali tutandike majamvi katika ukumbi wa chakula. Kuhusu kibla sikumsumbua mtu. Chumbani mwetu, ndani ya mtoto wa meza, upo mshale wa kijani uliobandikwa na wenye hoteli. Nikamvuta mtoto wa meza, nikautazama mshale, nikafunga. Elimu ni kujua pa kutazama.

Adhuhuri walihudhuria Mpima, mlinzi wa lango, seremala na mtunza bustani. Nikasimama kuelekea upande wa dobi, panapoanikwa taulo. Mpima akakohoa. Akasema kwa adabu, "Maalim, nahisi tungesogea kidogo." Nikamuuliza, kidogo kiasi gani. Akafikiri. "Kidogo cha nusu duara."

Nikamweleza kwa upole kuwa kupima viwanja ni elimu, na hii ni elimu nyingine. Akajibu kuwa mimi ndiye Maalim, akaingia safuni. Mlinzi, ambaye yuko hapa mwaka wa kumi na moja, naye alifungua kinywa, kisha akameza mate. Heshima ya watu hawa imenigusa.

Limenifurahisha na jambo jingine. Mara tu nilipotoa salamu waliinuka wote, wakatoka haraka, kila mmoja na njia yake. Hawakungoja dua. Alasiri vilevile. Bidii ya kazi namna hii imekuwa nadra siku hizi.

Mke wangu tangu Ijumaa anakwenda kusali chumbani kwa mke wa Mpima. Nilipouliza sababu alisema, "Kule kuna nafasi, Baba." Chumba chao na chetu havipitani hata kwa shibiri. Wakimaliza kusali hukaa humo humo na rundo la vyandarua vilivyoraruliwa na upepo, sindano mkononi, wakicheka. Nikamkumbusha kuwa amekuja kupumzika. Akauliza, "Kwani unaniona nafanya nini?"

Jumatatu, 14 Aprili

Mpima si mpole kiasi nilivyodhani. Asubuhi nilimkuta na Meneja kwenye safu ya bahari. Ameshika ncha ya kamba, anamwonyesha ukuta ulioinama. Imamu huhitajika mara tano kwa siku. Ukuta unaotaka kuangukia watu huhitaji mtu wakati wote.

Nikatafakari mpaka saa nne. Uongo ni haramu na sina ruhusa nao. Lakini kutembea polepole hakujakatazwa popote. Nikatoka chumbani nimeegemea ukuta. Sikusema mguu unauma. Nilitembea tu kama mtu ambaye mguu wake ungeweza kuuma. Bahari bado imechafuka, na mzee wa namna hiyo hapelekwi botini.

Mtunza bustani akaniletea fimbo. Mpishi akaniletea kiti. Mpima akanitazama kuanzia juu hadi chini, akauliza, "Asubuhi haukuwa wa kushoto, Maalim?" Nikamjibu kuwa maumivu ni msafiri.

Meneja alikuja mbio. Akanishika mkono, akaniita baba, na machozi yakamlengalenga. Akasema kisiwa hakina daktari, zahanati imejaa maji, na yeye hatakuwa na raha akijua mzee anateseka kwake. Akatoa daftari, akaandika nikiona. Sasa mimi na mke wangu ndio wa kwanza katika boti ya kesho. Tutatandikiwa godoro.

Nilipona saa nane na dakika kumi. Nikapita mbele ya ofisi yake mara nne, mara mbili kwa mwendo usiofaa umri wangu. Ya nne akatoka, akanisihi nisijilazimishe. "Ndivyo mlivyo wazee wetu," akasema, "mnaficha." Daftari hakulifungua.

Alasiri nikasalisha kwa moyo mzito. Waumini wakatoka haraka kama kawaida yao. Nilipotoka nilimwona mke wangu ameketi kwenye ngazi, miguu ameinyoosha, anayatazama maji kupitia pengo lililoachwa na banda la sala. Bado yana rangi ya chai ya maziwa. Hakuniuliza hali ya mguu. Akasema tu, "Natamani niyaone yakitulia." Nikaenda kufunga begi polepole, nikitumaini litakataa kufungika.

Jumanne, 15 Aprili

Asubuhi aliingia binti anayesafisha vyumba, kuchukua meza. Nikamwomba aiache, kwa kuwa ina kazi. Akacheka. "Hii si yenu, Maalim. Yenu ililowa. Ijumaa tukawaletea hii, tuliyoiokoa safu ya bahari. Vyumba vya kule vimetazamana na vya huku, kila kitu chao ni kinyume."

Nikaketi. Nikamvuta mtoto wa meza. Mshale haukuwa na kosa lolote. Ulikuwa ukionyesha, kwa uaminifu kamili, kibla ya chumba namba kumi na tisa.

Kwa siku mbili nimewasalisha waumini kuelekea taulo. Wanazuoni wamesema mwenye kujitahidi kuitafuta kibla, kisha akakosea, ana udhuru. Nikajiuliza nilijitahidi kiasi gani. Nilivuta mtoto wa meza.

Nikaenda kuomba radhi, mlango kwa mlango. Mpima akanipigapiga begani. "Usijali, Maalim. Nilikuwa narudia." Mlinzi naye alikuwa akirudia kibandani kwake. Seremala alirudia nyuma ya mbao. Mtunza bustani alirudia mara mbili, kwa tahadhari. Mke wangu hakuwa na la kurudia. Nikawauliza kwa nini hakuna aliyenena. Mlinzi akainamisha kichwa. "Wewe una elimu, Maalim. Nikadhani labda kimbunga kimehamisha kitu."

Basi hata kwa uimamu sikuwa nikihitajika. Nilikuwa nikiwaongezea kazi.

Saa tatu Meneja akatuita. Boti imekwisha kufunga gati, mafundi wanashuka na masanduku yao. Mimi nimeshika begi. Mke wangu hakushika kitu, ana sindano iliyochomekwa kwenye mtandio. Meneja akafungua daftari, akasema amewaza sana. Vyandarua vilivyoraruka vilikuwa thelathini na viwili, na mbu baada ya mvua hizi hawana mfano. Asubuhi ameamka amevikuta vimeshonwa vyote, vimekunjwa, vimepangwa mlangoni kwake. Sasa yamebaki mapazia. Anamwomba mama, yaani mke wangu, abaki. Kuhusu mimi, godoro liko tayari.

Mke wangu akasema yeye hashoni peke yake, kwani mmoja hukata na mmoja hushona. Mke wa Mpima akasema ndivyo. Chumba kina vitanda viwili, na wao ni wawili. Meneja akatutazama sisi wanaume kama mtu aliyebakiwa na vifuniko ambavyo masufuria yake hayajulikani yaliko. Akasema Mpima angemfaa kwa ule ukuta, ila pa kumlaza ndipo tatizo, na mzee mgonjwa lazima asafiri.

Hapo mke wangu akazungumza, bila kunitazama. "Mwanangu, huyu hana mguu wala nini. Tangu ujana hutembea hivyo akitaka jambo. Waweke wote wawili stoo ya mashuka. Nimeingia mle, ni pakavu."

Mpima akatazama dari. Mpishi akarudi jikoni ghafla, nikamsikia huko akiangusha kitu. Meneja akachukua kalamu, akakata jina langu na la mke wangu kwa mstari mmoja ulionyooka.

Boti imeondoka na godoro tupu. Nimesujudu sijida ya shukrani. Upande nilimuuliza Mpima kwanza.

Alhamisi, 17 Aprili

Stoo ya mashuka ni mahali pema. Pana harufu ya sabuni na pasi. Nimelala juu ya mashuka ya wageni sabini ambao hawapo, na sidhani kama sultani yeyote alipata kulala vile. Mpima ni jirani asiye na makuu. Mchana yuko ukutani kwake na mafundi. Jua limerudi, naye ameipima kibla kwa kamba na kivuli cha mti mmoja aliousimamisha uwanjani. Yeye anaelekeza, mimi natangulia. Mafundi wanahudhuria, nasi hujaza safu mbili. Hakuna anayetoka kabla ya dua.

Leo baada ya alasiri nilikwenda kumjulia hali mke wangu. Amekaa na mwenzake, mapazia magotini, maji mbele yao yametulia kabisa. Wanakula embe kutoka sahani moja. Nikamuuliza kama siku zake zinakwenda vizuri. Akasema tangu aolewe hajapata kulala kama anavyolala sasa. Hakuna anayemwamsha amtafutie miwani. Hakuna anayemsomea barua anazokusudia kuwaandikia wakubwa. Akaniwekea kipande cha embe kiganjani. "Ahsante, Baba," akasema, kwa dhati, nami namjua anaposema kwa dhati. "Sasa ndiyo napumzika."

Nikatembea ufukweni mpaka mwisho nikarudi, nikilifikiria neno hilo. Miaka arobaini nimekuwa nikimwahidi mapumziko. Haikunipitikia kuuliza atapumzika kutokana na nini.

Hata hivyo, nikitazama nyuma kwa insafu, bila kujipendelea, naona mipango yangu imefaulu yote. Nilikusudia abaki, amebaki. Kama nisingewashughulisha watu kwa upande wangu, nani angewapa wale wawili utulivu wa kushona vyandarua thelathini na viwili? Mwenye kuandaa uwanja naye ana fungu lake. Nimemweleza Mpima hivyo. Akasema, "Labda, Maalim," akageukia ukutani.

Limebaki jambo dogo. Siku zetu zinakwisha Jumamosi, nami sijapata kukaa na mwenzangu hata jioni moja mbele ya maji hayo niliyoyapigania. Nimemshauri Mpima tuwaombe wake zetu wagawane, kila mmoja alale na mumewe. Anasema tuwaache, wamestarehe. Mtu mwema, lakini hana mbinu.

Kesho baada ya chai nitapita kumsalimu mkewe. Katika mazungumzo nitagusia, kama jambo lililonitoka tu, kuwa mumewe humtaja usingizini. Si uongo. Nimemsikia mwenyewe akitaja kitu. Huenda lilikuwa jina, huenda zilikuwa mita. Mwanamke mwenye huruma akisikia hivyo hawezi kukaa mbali. Atahamia stoo kwa mumewe, nami nitarudi chumbani kwa mke wangu, nimsaidie kupumzika.