Kanuni ya Mkono wa Mwisho

Kwa mara ya kwanza tangu binadamu aanze kusingiziwa, lawama zilipata ofisi yenye zulia. Tangazo lilibandikwa getini likiwa na mihuri minne: kuanzia Jumatatu, Idara ya Ugawaji wa Wajibu itahakikisha hakuna kosa litakalolala bila mwenyewe. Mkurugenzi wa idara alilisoma mara tatu, ingawa aliliandika yeye, na kila mara lilimgusa moyo.

Zulia lilikuwa jipya, la rangi ya maziwa, kwa hiyo watu wote waliacha viatu nje. Mkurugenzi peke yake aliruhusiwa kuingia na vyake na kuvifungia kabatini, kwa sababu za kiitifaki.

Shauri la kwanza lilimhusu fundi wa michezo ya kompyuta. Dada huyu na kaka yake walikuwa wametengeneza mchezo ambao mchezaji anashona gauni la harusi kabla umeme haujakatika, na watu waliupenda kupita kiasi. Kila mnunuzi alipewa namba yake ya siri ya kuufungulia. Mwizi akaingia kwenye kompyuta yao kwa njia ya mtandao, akazoa namba mia tatu. Wiki moja baadaye namba zilezile zilikuwa zinauzwa, zimechapwa kwenye vikadi vya kupendeza, katika duka la simu lililo chini ya ngazi, duka ambalo hawakuwahi kuliruhusu kuuza chochote chao. Dada akazizima. Wanunuzi wakaja wanalia. Akawahurumia, akapokea vikadi vyao, akawapa namba mpya bure.

Mwenye duka alikuwa shemeji wa Mkurugenzi.

"Nitamke mapema," alisema Mkurugenzi. "Undugu tumeuacha mlangoni pamoja na viatu."

Karani akaandika. Alikuwa mama wa makamo aliyeandika kila kitu, hata kikohozi.

"Tuanze na mwizi. Yupo?"

Hakuwepo.

"Asiyekuwepo na lake halipo. Idara haiwezi kumsumbua mtu ambaye haimjui. Mwenye duka je?"

"Mimi nimeuza tu, Mheshimiwa," alisema shemeji. "Jamaa kaniletea kwenye mtandao, bei poa, nikachapa, nikauza."

"Hukumuuliza kazitoa wapi?" dada aliuliza.

"Dada yangu, ukianza kumuuliza kila mtu katoa wapi, utafunga duka."

Mkurugenzi aliona hoja hiyo ina uzito mkubwa. Akafungua kitabu cha taratibu, alichokitunga mwenyewe wakati wa likizo, akasoma kwa sauti ya kuapisha watu: "Kanuni ya Mkono wa Mwisho. Wajibu wa kitu chochote ni wa yule aliyekishika mwisho." Akavua miwani. "Mwizi alizishika, akaziachia. Shemeji... futa hapo, andika mwenye duka... naye akaziachia. Wanunuzi wakaziachia. Sasa vikadi viko wapi?"

Dada alitoa bahasha ya kaki mkobani. "Ninavyo hapa, vyote mia tatu. Lakini ni kwa sababu niliwapokelea watu..."

"Amekiri. Karani, andika amekiri."

Adhabu ilikuwa moja tu kitabuni: mahali pa kazi pa mwenye wajibu pafungwe kwa lakiri, ile nta ya muhuri, kwa siku tisini. Machozi yalimlenga dada, na hakuyaficha.

"Mheshimiwa, siku tisini kazi yetu imekufa. Kaka yangu kaacha ajira kwa ajili ya mchezo huu. Tumeibiwa sisi, halafu tufungiwe sisi?"

"Sheria haina mjomba, binti yangu," alisema Mkurugenzi kwa upole, na upole wake ukampendeza mwenyewe. Shemeji akatikisa kichwa kukubali.

Karani akakohoa, akakiandika kikohozi, kisha akasema, "Bosi, utaratibu wako, ukurasa wa pili. Vielelezo vinakabidhiwa kwako kwanza, ndipo nijaze hati ya lakiri."

Mkurugenzi alipenda sana kupokea vitu, kwa sababu kupokea kuna sahihi. Akaichukua bahasha kwa mikono miwili, akaandika kwa wino wa kijani: *Nimepokea vyote, navishika mimi mwenyewe.* Akasaini. Akagonga muhuri, kisha akagonga mwingine juu yake kwa msisitizo.

Karani akajaza hati bila haraka, akampa askari wa lakiri. Askari huyu siku ya kwanza kazini alikuwa ameambiwa na Mkurugenzi: "Kazi yako si kufikiri. Kazi yako ni kubandika." Akasoma hati kwa sauti.

"Aliyeshika mwisho: Mkurugenzi. Mahali pa kazi: humu. Jamani, tutokeni."

Wakajikuta wote kwenye korido, askari anayeyusha lakiri mlangoni.

"Wewe, unafanya nini?" Mkurugenzi alifoka.

"Nabandika, bosi."

"Hebu fikiri kidogo basi!"

"Ulinikataza, bosi."

Lakiri nyekundu ikashika, na viatu vya Mkurugenzi vikabaki kabatini kwa siku tisini.

Akamgeukia dada na bahasha. "Binti yangu, chukua mali yako."

Dada alirudisha mikono nyuma. "Samahani, Mheshimiwa. Mimi nina karakana ya kwenda kufungua." Akavaa viatu, akashuka ngazi karibu anakimbia.

Karani alikuwa na daftari mkono mmoja na kalamu mkono wa pili, kwa hiyo hakuwa na nafasi. Watu waliokuwa wakisubiri kwenye benchi walikuwa wamelisoma tangazo getini na kuisikia kesi yote kupitia dirisha. Wakaikalia mikono yao.

Akabaki shemeji.

"Shemeji, nishikie kidogo tu. Nijikune mgongo."

Shemeji alikwisha kuitia mikono yake mfukoni. "Ningekushikia, shemeji, wallahi. Ila undugu si tumeuacha mlangoni?"

Akaitumbukiza miguu kwenye viatu vyake bila kuinama, akaondoka.