Qurac Dheer Bila Mti

Leo nimefedheheka. Tena mchana kweupe, kifua wazi, mbele ya mama mkwe!

Mnajua tulivyosukumwa humu ndani ya seng'enge tangu vita vichachamae. Vibanda vyetu vya mikeka vimepangwa mistari, vyote sawasawa, kila kimoja na kibati chake cha namba. Kwetu pahali hupewa jina kwa kilichosimama hapo au kwa jambo lililotokea hapo. Hapa wazee walipaita Qurac Dheer, yaani Mgunga Mrefu, kwa ajili ya mti uliosimama mlangoni kwangu. Karani kutoka bara anapaita Laini ya Nne.

Asubuhi, nikienda soko la mbuzi, karani huyo alinisimamisha langoni.

"Unakaa wapi?"

"Qurac Dheer."

"Hakuna pahali kama hapo. Sema namba."

"Ng'ombe ndio nabigwa chaba ya namba!" nikamjibu kwa Kiswahili changu cha kuokoteza. " Mimi nakaa Qurac Dheer!"

Wenzangu wakashangilia. Kichwa kikavimba. Nikaapa mbele yao kwamba namba ile haitatoka kinywani mwangu mpaka nizikwe. (Kuapa ni rahisi ukiwa umevaa shati.)

Nikarudi adhuhuri, jua linachoma. Mgunga hamna! Askari wameukata, eti unawazuia kuona mbali. Niliumia, wallahi. Halafu nikagundua sijui kwangu ni wapi. Siku zote nilikuwa naufuata mti, kibati sikuwahi hata kukitupia jicho. Kuuliza? Mimi? Baada ya kile kiapo?

Nikaona rundo la matawi ya miiba kando ya kibanda kimoja. Nikasema alhamdulillahi, mti uliangukia hapa, basi kwangu ni hapa. (Kumbe wanawake walikuwa wameyaburuta matawi hadi huko kuzibia zizi la mbuzi.)

Ndani giza. Mwanamke amenipa mgongo, anapuliza moto. Nikavua shati, nikajitupa mkekani, nikanyoosha miguu.

"Halima, lete chai! Na mama yako asije leo. Yule akikaa, birika linabaki majani matupu!"

Mwanamke akageuka. Hakuwa Halima. Alikuwa mama yake, na kibanda ni chake.

Jamani, tangu nioe, mama mkwe hajawahi kuniona hata nikitafuna. Nikimwona njiani nazunguka, ndiyo heshima yetu. Leo kaniona mpaka kitovu! Macho yakazoea giza, nikaona na majirani zake wamekaa pembeni, shungi midomoni, mabega yanatikisika.

Akamimina kikombe taratibu, akanisogezea.

"Chai bado iko, Abdi. Sijaimaliza."

Kicheko kikalipuka. Nikatoka mbio, shati nimeliacha, nikamvaa karani mzima mzima.

"Unakimbia uchi kwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani wapi? Sema tu Laini ya Nne, nikupeleke."

Watu wamejaa. Wale wale walionishangilia asubuhi. Jua mgongoni, aibu usoni. Nakiri, ulimi ulikuwa umeshaanza kulainika.

Mama mkwe akatoka, shati langu mkononi. Akasimama katikati yetu.

"Huyu nakaa Qurac Dheer," akamwambia karani. "Mti nyinyi kata. Jina hakuna kata!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Nami nikavaa shati huku machozi yananilenga. (Moshi. Ulikuwa moshi.) Mama mkwe, bila kunitazama, akanielekeza kwa kidevu: "Kwako ni kule, penye kisiki."

Basi nawaambia wote mlio humu: kisiki kikioza, bado ni Qurac Dheer. Wang'oe hata mizizi, ni Qurac Dheer!

Tatizo ni kwamba kufikia alasiri, pale penye kibanda cha mama mkwe pamepata jina jipya: Palipovuliwa Shati. Nimemsikia hata karani akimwelekeza askari hivyo, namba kaisahau kabisa.

Majina yetu yote nitayatetea mpaka kufa. Hilo moja tu, jamani, lisahauni.