Kubwa, Ndogo, na Uso wa Nadra

Jumamosi, 24 Januari

Nadra anaolewa wiki ijayo, nikaha Ijumaa, shughuli ya wanawake Jumamosi. Akishaolewa anakwenda Maskat na mumewe. Mie nabaki na kuta.

Leo nimemuomba shemegi yangu Bi Mwatum ruhusa ya picha moja siku ya shughuli. Moja tu! Nadra kapambwa, kakaa kwenye kiti cha biarusi. Bi Mwatum ni dada wa marehemu mke wangu, na harusi yote kaishika yeye. Kasema haiwezekani. Shughuli ya wanawake, wake za watu wamo vichwa wazi, kamera haiingii, simu zinaachwa mlangoni. Nikamwambia mie ni baba yake. Kasema baba naye mwanamme, au nshasahau? Halafu kaniuliza picha ya nini, mtoto nimemtizama tangu kuzaliwa, sijashiba tu?

Sijashiba. Lakini sikumwambia.

Mashavu, mama yake Nadra, hakupenda picha. Alikubali moja, nikawa nayo kwenye simu. Kila aliyeniomba nimrushie nilikataa, mke wangu hazunguki kwenye simu za watu. Mwaka juzi nilikuwa gatini Malindi, nimeinama kunyanyua gunia, simu ikatoka mfuko wa shati. Chubwi! Mke wangu yuko chini ya gati. Sasa natumia simu ya kitochi, haipigi picha. Nikitaka kumkumbuka Mashavu namtizama Nadra. Uso mmoja. Na huo unapanda ndege.

Alasiri nimembebea Khatib friji. Khatib anauza vitu vya kontena Darajani, na anakaa nyuma ya nyumba ya Bi Mwatum, ghorofa ya tatu. Ngazi nyembamba, friji nene. Kufika juu kasema leo hana kitu mfukoni, badala ya ujira nichague kamera, ziko mbili. Kubwa ina lenzi ya kuchomoa. Kasema ndiyo wanayoanzia wapiga picha. Ndogo lenzi yake haichomoki, lakini ukiiwasha inatoa mkonga kama tembo, inavuta mbali. Kasema ukikaa Forodhani unaona kobe wa kisiwa cha Changuu anatafuna nini.

Nikazipima mkononi. Kubwa nzito, Ndogo nyepesi. Mie hamali tangu ujana wangu. Kitu chepesi ni boksi tupu. Nimechukua Kubwa.

Nikatoka juu ya paa kupunga upepo. Uwanja wa Bi Mwatum wote uko chini yangu! Kwenye kuta katundika mashuka wasichungulie watu, juu kaacha wazi. Kiti cha biarusi kitakaa pale katikati.

Astaghfirullah. Lakini wazo lishaingia.

Jumatatu, 26 Januari

Nimekwenda na Kubwa gatini. Kosa. Nimemwambia Haroub mpango wangu. Kosa kubwa zaidi.

Haroub ni hamali mwenzangu. Hajawahi kushika kamera, lakini anajua kila kitu. Kasema yakhe, hiyo umeshapigwa. Hiyo ya kumpiga mtu aliyekaa mbele yako, kakuchekea. Weye unataka kuiba uso juu ya paa, si ungechukua ile ya mkonga? Mahamali wote wamecheka. Mmoja kaniita Mzee Paparazi.

Jioni nimepanda paani kwa Khatib kujaribu. Nimempiga kuku wa Bi Mwatum pale pale kitakapokaa kiti. Katoka kama punje ya choroko. Nimezungusha lenzi mpaka imegoma. Choroko.

Haroub yuko sawa. Inaniuma! Nikibadilisha leo atajua kashinda. Nitabadilisha baadaye, kwa sababu zangu mwenyewe.

Alhamisi, 29 Januari

Nadra kaja kuniona. Kawekwa ndani kwa Bi Mwatum, hatoki, lakini katoroka na baibui la mtu mwengine. Harufu ya singo aliyosuguliwa mwilini imejaa chumba kizima. Hina mkononi bado haijakauka, kanyoosha vidole kama mtu anayeogopa moto.

Kakaa mlangoni kwenye kigoda. Jua lilikuwa linaingia.

Kasema baba, nimesikia unahangaika na kamera, nipige sasa hivi, mie si huyu hapa? Nikamwambia picha ya biarusi si ya mtu mwenye singo mashavuni. Angoje Jumamosi, avae dhahabu, akae kitini. Kasema basi atajipiga kwa simu yake, amrushie Haroub, mie nitizame kwa Haroub. Mwanangu ndani ya simu ya Haroub! Kakaa katikati ya picha za samaki na mpira! Nimekataa kabisa.

Kacheka. Baba weye! Mama yake alikuwa akisema hivyo hivyo, mkono mdomoni hivyo hivyo.

Kaondoka. Kubwa ilikuwa mezani. Betri imejaa.

Ijumaa, 30 Januari

Leo nimemuozesha mwanangu. Nusura nimuozeshe mama yake.

Nimekwenda msikitini na Kubwa shingoni, juu ya kanzu. Nilitaka nijizoeshe. Sheikh kaitizama, kanionesha pa kukaa. Nimekaa goti kwa goti na Himid, bwana harusi. Kijana mpole, anatokwa jasho. Nimemshika mkono. Sheikh kaniambia haya, sema.

Nikavuta pumzi. Kiwiko kikabonyeza kitufe. Kijitaa kikafumka chenyewe juu ya kamera kama jicho la mtu aliyeamshwa. Kla! Kla! Kla! Himid kafumba macho. Sheikh kafumba macho. Mie nikapotewa na kila kitu. Nikasema nimekuozesha binti yangu Mashavu.

Himid kafumbua macho.

Sheikh kanigusa goti. Kasema taratibu, mzee Pandu, Mashavu kashatangulia, tunamuoza Nadra. Nimerudia. Sauti haikutoka vizuri. Watu wamedhani nnalia kwa furaha, wamenipiga mgongoni.

Picha tatu. Ndevu za Sheikh. Ndevu za Sheikh. Kwapa langu.

Baada ya halua na kahawa nimekwenda kwa Khatib, nimebadilisha. Nimechukua Ndogo. Sababu ni kelele. Haroub hahusiki.

Jumamosi, 31 Januari

Sijui niandike vipi.

Nimemwambia Khatib nnapanda kutizama tangi lake la maji. Jua lilikuwa linakwenda chini. Huko uwanjani taarabu, vigelegele, udi mpaka juu. Nimelala kifudifudi ukingoni mwa paa. Wanawake wengine sikuwatizama. Mungu shahidi. Nimetafuta kiti tu.

Nikaiwasha Ndogo. Mkonga ukatoka kimya. Nikavuta. Nikavuta tena. Uso wa Nadra ukajaa kioo chote! Wanja, dhahabu, macho chini. Mashavu siku niliyomuoa.

Mikono ikaanza kutetemeka. Mikono hii inabeba gunia la mchele mpaka ghorofani, leo imeshindwa na kitu chenye uzito wa ndizi mbili. Nikipumua tu, Nadra anahama. Nikabonyeza. Tope la dhahabu. Tena. Tope. Kumbe ukivuta mbali na jua hakuna, Ndogo haioni! Khatib hakusema hilo. Nikabonyeza tena, tope, na tena.

Hapo Ndogo ikaamua kujisaidia kuona. Ikawasha taa yake ya rangi ya chungwa. Mie sikujua kama inayo taa.

Chini mtu kapiga ukelele, jini juu ya paa! Mwengine kasema jini gani, mtu huyo anatupiga chabo! Ngoma ikakatika. Wanawake wanakimbilia mabaibui, watoto wanalia, makubadhi yanarushwa juu. Mengi hayakufika. Moja limefika. Bi Mwatum kapanda juu ya kiti, katizama juu, kafungua mdomo. Mie kwa woga nikabonyeza.

Katika kelele zote nimesikia sauti moja ndogo. Baba?

Bi Mwatum kapanda ngazi zote tatu na chetezo mkononi, udi unafuka. Aliyoyasema siyaandiki.

Jumapili, 1 Februari

Nimesimamishwa kwa sheha wa mtaa. Mie, umri huu, kwa kuchungulia wanawake. Nimesema nilikuwa namtizama mwanangu. Sheha kaniuliza na wale wengine walikuwa wa nani.

Kamera imewashwa. Bi Mwatum kaifunika khanga, katizama yeye kwanza peke yake. Picha nne tope. Ya tano ni yeye mwenyewe. Wazi kabisa! Mdomo, jino la dhahabu, kila unyusi. Kumbe mtu mmoja tu alisimama chini ya taa ya uwanjani.

Kasema ifutwe. Halafu kauliza polepole kama ingewezekana kusafishwa kwanza.

Hukumu: nimuombe radhi Bi Mwatum na wote waliokuwamo. Nisikanyage kwake. Nimeomba radhi, kichwa chini. Nje nimemkuta Haroub. Kasema hata ya mkonga imekushinda? Mahamali wamenibadilisha jina. Sasa naitwa Mzee Chungwa.

Nadra sijamuona. Yuko fungate na mumewe. Atakuwa anaona haya kwa ajili yangu.

Alhamisi, 5 Februari

Nafsi haijatulia. Nyumba imekuwa kubwa. Napika wali wa watu wawili, namwaga wa mtu mmoja.

Haroub kaleta habari, kapigiwa simu na Nadra, maana kitochi changu nimekizima tangu kwa sheha. Nadra anakuja kuniaga Jumapili, kisha uwanja wa ndege. Kasema nisiwe na wasiwasi.

Anakuja! Atakaa chumbani kwangu, mbele yangu. Hakuna cha kuvuta. Chumba changu kina giza, na Kubwa inaona gizani. Nimekimbilia kwa Khatib, nimebadilisha. Khatib kasema mzee wangu, hii ndiyo mara ya mwisho, duka si chumba cha kujaribia nguo. Nikamwambia ya mwisho, wallahi.

Haroub kasema sasa ndiyo nimechagua sawa. Hilo limenitia wasiwasi.

Jumapili, 8 Februari

Nadra kaja karibu na adhuhuri. Himid kabaki barabarani kwenye gari na masanduku.

N'likuwa tayari. Kubwa shingoni tangu alfajiri. Nimefungua dirisha lote. Kigoda nimekiweka mlangoni penye mwanga.

Kakaa. Baibui, uso wazi, hereni za dhahabu, hina bado nyekundu. Nikamuomba radhi kwa lile la paa. Kanishika mkono. Kasema baba, ile taa ilipowaka tu nilijua ni weye. Wenzangu walipoinamisha nyuso, mie nikanyanyua wangu. Nilikuona kamera inakutetemeka, nikasema nitulie, baba apate.

Nikaweka jicho kwenye kitundu cha Kubwa. Safi! Kama maji ya kisima. Nadra na Mashavu pamoja, wananitizama. Kasema haya baba, niko tayari.

Kidole kiko kwenye kitufe.

Nikaziona hereni. Zina nakshi ndogo ndogo, kazi ya sonara hasa. Kwenye Kubwa nakshi haionekani. Nikafikiri. Jua lipo, mtoto katulia, mikono yangu leo imetulia. Ndogo ingeivuta nakshi yote, na kila unywele wa kope. Mtu anakwenda Maskat, hujui atarudi lini, unampiga picha ya nusu nusu? Nikamwambia asisogee hata kidogo. Nnakwenda kwa Khatib mara moja.

Kasema baba, piga hiyo hiyo. Nikamwambia mara moja tu.

Khatib hayupo, kenda kusali adhuhuri. Nimengoja kwenye ngazi. Kurudi kaniona, kanipa Ndogo, katikisa kichwa. Nimekimbia na Ndogo mpaka nyumbani. Kifua kinawaka.

Kigoda kitupu.

Haroub, aliyekuja kumuaga Nadra, kasimama mlangoni. Kasema Nadra kangoja, hakunyanyuka pale kigodani, akisema baba kaniambia nisisogee. Himid kapiga honi, kapiga tena, kaja mwenyewe kumchukua. Wangechelewa ndege. Kalia kidogo, kaacha salamu. Haroub hakucheka, wala hakuniita Mzee Chungwa. Hilo ndilo lililoniuma.

Nimepanda paani kwa Khatib. Alasiri ndege imepita juu ya bahari. Nikavuta kwa Ndogo mpaka mwisho. Mikono haikutetemeka. Picha imetoka safi sana, mabawa, mkia, madirisha yote. Mtu haonekani hata mmoja.

Nimekaa mpaka magharibi nafikiri. Kosa nshaliona. Kosa ni kuchagua. Mtu akiwa nazo zote mbili hana haja ya kukimbia kwa Khatib. Kesho Khatib anapokea kabati la mninga, nimemwambia nitalipandisha peke yangu, anipe na Kubwa. Kakubali. Kasema pia ipo ya tatu kwenye kontena linalokuja, hiyo hata yeye haijui inafanya nini. Nimemwambia aniwekee.

Nadra atakuja likizo, Mungu akijaalia. Kigoda nimekiacha pale pale mlangoni. Mara hii sitoki.